Karatasi, kadi au kichwa? Namna ya kuchagua unapopewa maiki

Moshi na Arusha, mtu mzima hawezi kuikwepa maiki maisha yake yote. Mwaka huu utakuwa baba wa binti anayeagwa, mwakani msemaji wa ukoo msibani, na Desemba, watu wanapopanda nyumbani kwa Krismasi, utakuwa mjomba wa mtoto aliyepata kipaimara: emsii ametaja jina lako na sahani ya pilau bado iko mapajani. Nimewasaidia ndugu, majirani na wanajumuiya kuandaa maneno ya namna hiyo, na swali linalotangulia mengine yote ni hili: nisome, au niongee tu?

Wengi hulijibu kwa kupima woga wao. Mwoga ashike karatasi, jasiri aende mikono mitupu. Kipimo hicho kinawaponza watu wazuri. Jasiri anasimama msibani bila karatasi, anaruka jina la kitinda mimba wa marehemu. Mwoga anamuaga binti yake wa pekee macho yakiwa kwenye A4, ukumbi mzima unaona utosi wake. Nakuomba uanze na swali tofauti: katika shughuli hii, ni kosa gani ambalo watu hawatalisamehe? Msibani ni jina au tarehe kukosewa. Kwenye sendofu ni baba kutomtazama mwanawe. Kwenye shukrani ni kundi lililokesha jikoni kutotajwa. Ukilijua kosa, utajua ushike nini mkononi.

Karatasi: pale jina likikosewa linaumiza

Wasifu wa marehemu usome. Hapa sina mjadala. Wasifu ni mfululizo wa mambo ya hakika: alizaliwa lini na wapi, wa ngapi kwa wazazi wake, alibatizwa usharika au parokia gani, alisoma wapi, alifunga ndoa na nani, alifanya kazi zipi, ameacha watoto na wajukuu wangapi, alifariki lini. Huku kwetu marehemu wengi huzikwa kihambani, kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mbele ya watu waliochunga naye mbuzi na kugawana naye zamu za maji ya mfereji. Wanayajua maisha yake kuliko msomaji. Ukisema alimaliza shule 1964 na wao walimaliza naye 1966, mnong'ono utaanzia kwa wazee na kufika hadi jikoni, na sentensi zako tano zinazofuata hakuna atakayezisikia.

Kumbukumbu nayo haitegemeki siku hiyo. Mtu aliyekesha, aliyepokea wageni tangu alfajiri, aliyelia, anaweza kusahau hata jina la dada yake. Karatasi inambebea mzigo huo.

Ila kazi kubwa ya wasifu hufanyika usiku wa kuamkia mazishi. Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mzee mmoja wa ukoo na mtoto mkubwa wa marehemu: mzee kwa ajili ya mambo ya zamani, mtoto kwa ajili ya majina na namna yanavyoandikwa. Hapo ndipo mazito yatajitokeza. Kuna mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kuna mke wa kwanza waliyeachana. Kuna ugonjwa ambao familia haitaki utajwe. Ugonjwa ni haki ya familia kuusema au kuunyamazia, na "baada ya kuugua kwa muda" inatosha kabisa. Kuhusu watoto nina msimamo: watajwe wote. Mtoto akisimama kando ya kaburi la baba yake akasikia idadi inasomwa na yeye hamo, hakuna sentensi nzuri katika wasifu mzima itakayomfidia. Lakini jambo hilo likubaliwe na wakubwa kikaoni usiku ule. Lisifunguliwe kwenye maiki.

Risala kwa mgeni rasmi nayo husomwa, kwa sababu nyepesi zaidi: ikishasomwa, nakala hukabidhiwa mgeni rasmi, kwa hiyo kilichosikika sharti kilingane na kilichoandikwa.

Upungufu wa karatasi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni sauti. Msomaji huanza kukimbia, mwisho wa kila sentensi sauti inashuka vilevile, na baada ya dakika moja masikio ya watu yanalala. Dawa yake ni kuandika kwa ajili ya sikio tangu mwanzo: sentensi fupi, jambo moja kila sentensi, na mwaka uandikwe kwa maneno. Tarakimu 1951 inamkwaza msomaji aliyechoka, lakini "mwaka hamsini na moja" inatoka mdomoni bila shida na wote wanaelewa.

Wa pili ni mikono. Watu huandaa kurasa tatu zilizobanwa kwa pini, halafu wanapewa maiki ya kushika. Mkono mmoja una maiki, mwingine una kurasa: utafunua na nini? Usibane kurasa. Ziweke namba, kila ukurasa uishe na sentensi kamili, na ukimaliza mmoja uupeleke nyuma ya mwingine kwa kidole gumba. Chini yake weka jalada gumu, kwa sababu karatasi nyepesi hutangaza mtetemeko wa mkono ambao watu wasingeuona. Herufi ziwe kubwa, saizi 16 hivi, na nafasi kati ya mistari; mwenye miwani ya kusomea aivae kabla ya kusimama.

Tena kuna mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, turubai linaweza kujaa maji katikati ya ibada, na karatasi iliyochapwa kwa printa ya wino ikidondokewa na matone mawili jina la mtu linageuka doa la bluu. Stesheneri nyingi wana printa ya leza. Omba hiyo, na uiingize karatasi kwenye faili angavu la plastiki. Mvua ikipiga mabati kwa nguvu, nyamaza usubiri. Ukishindana nayo, wewe ndiye utakayepoteza.

Kadi: pale macho yanaposema zaidi

Sendofu ndiyo shughuli ninayoiona ngumu kuliko zote, na ndiyo inayonifanya niitetee kadi. Baba au mama anasimama mbele ya wakwe, mbele ya ukoo wake, na mbele ya mwanawe aliyevaa gauni, kusema jambo ambalo atalisema mara moja tu kwa mtoto huyu. Akilisoma, anaiambia karatasi, hamwambii mtoto.

Hebu linganisha. Hii ni hotuba ya kusoma, ya aina ambayo utaikuta kila wiki:

"Ndugu wageni waalikwa, napenda kuchukua fursa hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uhai na afya njema hata tukaweza kukutana siku hii ya leo. Binti yetu amekuwa mtoto mwenye nidhamu, utii na bidii tangu utoto wake. Tunamkabidhi kwenu tukiwa na imani kwamba mtamlea na kumtunza."

Na hii ni kadi ya baba yuleyule, mistari mitano kwa kalamu nene:

1. Mungu. Wakwe: asanteni kupanda hadi huku
2. Kahawa, kidato cha pili
3. Mama yake
4. Wakwe: akikosea
5. MTAZAME. Baraka

Akifika mstari wa pili anamgeukia binti na kusema: "Mwanangu, mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka ulikuwa kidato cha pili. Ulikuja ukaniambia, baba, muhula huu nitabaki nyumbani nikusaidie. Nilikukatalia. Lakini neno lile sijalisahau mpaka leo." Akifika wa nne anawageukia wakwe: "Akikosea, semeni naye kwanza, ni msikivu. Mkishindwa, nipigieni simu mimi kabla hamjamwambia mtu mwingine."

Hotuba ya kwanza inamfaa binti yeyote wa mkoa huu. Nidhamu, utii na bidii ni sifa ambazo wakwe wamezisikia kwenye kila sendofu waliyoalikwa. Ya pili ni ya mtu mmoja. Utaniambia kisa cha kahawa kingeweza kuandikwa kikasomwa. Kingeweza. Lakini kisa cha mtu unayemtazama, ukikisoma, unalazimika kuinama pale hasa anapotaka kukuona. Mstari wa pili wa kadi una maneno manne tu, unatosha kukumbusha na hautoshi kusomwa, na hapo ndipo nguvu ya kadi ilipo.

Kutengeneza ni rahisi. Karatasi moja ya manila inatoa kadi nyingi. Kata zenye ukubwa wa kiganja. Manila haitetemi kama A4, na inakaa vizuri mkono mmoja huku maiki iko mwingine. Andika neno la kukumbusha, usiandike sentensi. Ukianza kuandika sentensi utaishia kusoma, na utakuwa umerudi kwenye karatasi, safari hii kwa herufi ndogo.

Kasoro ya kadi ni urefu. Kisa kinanoga, watu wanacheka, na wewe unaongeza kingine ambacho hukupanga. Kadi inamdai mwenyewe afanye mazoezi kwa sauti, akiwa amesimama, saa ya simu ikihesabu. Kusoma kimoyomoyo kitandani hakuhesabiki. Anayesema "nitaipitia tu njiani" ni heri ashike karatasi.

Kukariri hotuba nzima

Vijana ndio wanaoipenda njia hii, hasa wasimamizi wa bwana harusi. Inavutia: mikono huru, macho kwa watu, hakuna kinachoshikwa. Hatari yake ni kwamba neno moja likipotea, yote yanayofuata yanapotea nalo. Umewahi kumwona mtu ameganda katikati ya sentensi, anarudi mwanzo wa aya kutafuta alipoachia, kama mwanafunzi wa ngonjera siku ya mahafali. Hata asipoganda, sauti yake inamwonyesha. Anayekumbuka maneno hana nafasi ya kuwasikia watu. Emsii akiomba makofi katikati, au mtoto akilia, yeye anaendelea tu.

Kwa hiyo usikariri hotuba. Kariri sehemu tatu: salamu, sentensi moja ambayo ndiyo kiini cha yote, na sentensi ya mwisho. Salamu kwa sababu sekunde za kwanza ndizo woga unapokuwa juu. Sentensi ya mwisho kwa sababu wengi hawajui watokeje, wanazunguka wakisema "basi, mimi sina mengi" kwa dakika nne.

Sentensi ya kiini nayo inataka umbo. Hapa tuna mwalimu wa karibu. Tarehe 22 Oktoba 1959 Julius Nyerere alisema Watanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, umulike nje ya mipaka, ulete matumaini pasipo na matumaini, upendo penye chuki, heshima penye dharau. Mwenge ukapandishwa kileleni Desemba 1961, na watoto wa shule bado wanayajua maneno yale. Mwaka 1978, akitangaza vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, akatumia umbo lilelile: uwezo, sababu, nia, vyote tunavyo. Vipande vitatu, vyenye umbo moja, vifupi. Baba wa binti anaweza kusema: "Nilikupokea kwa furaha, nimekulea kwa hofu ya Mungu, nakutoa kwa amani." Sentensi hiyo ikariri neno kwa neno, maana ikibadilika neno moja mdundo unavunjika.

Kwa anayetaka kukumbuka mpangilio mzima bila kushika chochote, iko njia ambayo wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale waliitumia: unaliweka kila jambo mahali fulani katika nyumba unayoijua, halafu unatembea humo kwa mawazo. Sisi tuna kihamba. Getini weka salamu. Kwenye migomba weka wageni waliotoka mbali. Kwenye kahawa weka kisa chako. Zizini waweke wakwe. Mlangoni kwa bibi weka baraka. Ukiwa umesimama ukumbini unatembea kutoka getini hadi mlangoni, na huwezi kuruka mahali kwa sababu miguu yako inaijua njia hiyo tangu utoto. Wazee niliowaelekeza hivyo waliishika haraka kuliko vijana.

Kuongea kutoka kichwani

Watu huwatazama wazee wetu wakisimama bila karatasi, wakitoa nasaha nzito kwa utulivu, na kudhani ni kipaji cha papo kwa papo. Nimewasikiliza kwa makini. Mzee yule habuni. Methali ile ameitumia harusi nyingi, mfano wa isale, jani ambalo Wachagga huombea msamaha, ameusema tangu kaka zako walipooa, na baraka za mwisho alizipokea kwa baba yake. Hotuba yake iko tayari; imechukua miaka kuandikwa. Kijana anayemwiga bila kuwa na akiba hiyo husimama na kugundua kwamba hana kitu cha kusema, na kwa aibu ya kukaa mapema anaongeza maneno. Hapo ndipo siri za familia hutoka. Hapo ndipo kiasi cha mahari hutajwa mbele ya watu ambao hawakupaswa kukijua, au mchumba wa zamani kukumbushwa kwa utani. Kama mbege au bia imeshapita, hatari ni mara mbili; anayejua ataongea asubiri kunywa.

Lakini kuna siku huna uchaguzi, kwa sababu emsii amekuita na hukutarajia. Kwa siku hiyo beba mifupa mitatu kichwani muda wote. Mimi ni nani kwao. Jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Ninachowaombea. Sekunde 20, dakika moja, sekunde 20, kisha unarudisha maiki. "Mimi ni jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Wiki niliyofiwa, kijana huyu ndiye aliyechota maji yetu kila asubuhi bila kuombwa. Namwombea Mungu ampe nyumba ambayo majirani wake watalala usingizi kama tulivyolala sisi." Hiyo ni hotuba kamili, na itakumbukwa kuliko ya mheshimiwa aliyeongea nusu saa.

Simu

Kwa kusoma ukiwa mbele ya watu, siipendekezi. Skrini inazima, ujumbe wa muamala unaingia juu ya jina la marehemu, na anayeitazama simu akiwa mbele ya watu anaonekana anachati. Iwe akiba tu: piga picha kurasa zako, ili karatasi ikipotea kwenye gari upate pa kuanzia. Faida yake moja ya kweli ni usiku, umeme ukikatika, na hata hapo ni bora jirani akumulikie karatasi.

Nani aandike

Wapo wanaomlipa mtu, na sasa wapo wanaoiomba programu ya akili mnemba iwaandikie. Mwandishi mzuri wa kulipwa atakuuliza maswali mengi kabla ya kuandika, asipouliza, utapata "nidhamu, utii na bidii." Programu nayo huandika Kiswahili kinachoteleza, chenye fursa adhimu na shukrani za dhati, lakini haijui kwamba aliyemlea binti ni shangazi yake wa Marangu na kwamba shangazi huyo atakuwa meza ya pili akisubiri kusikia jina lake. Itumie kupanga mambo ambayo umeshayaandika, au kukupunguzia maneno. Mambo yenyewe yatoke kwako. Kwa asiyejiona mwandishi, njia bora kuliko zote mbili ni kumwomba kijana wa nyumbani awashe kinasa sauti cha simu, akuulize "tuambie kuhusu dada," kisha aandike ulichosema. Watu wengi wanaolia kwamba hawawezi kuandika wanasimulia vizuri ajabu.

Urefu

Kwa mwendo wa utulivu mtu hutamka maneno kama 100 hadi 120 kwa dakika. Ukurasa wa A4 uliochapwa kwa herufi za kawaida na kubanwa unazidi dakika tatu na nusu. Nasaha za mzazi kwenye sendofu zisipite dakika tano. Mwakilishi wa ofisi au kikundi msibani, mbili. Mchungaji au padri anaweza kuwa na maziko mengine siku hiyohiyo, na kila dakika unayoongeza inakatwa kwenye ibada. Orodha ya vyeo iachie "itifaki imezingatiwa" na uendelee.

Woga

Hakuna njia inayouondoa, lakini kila njia inauweka mahali tofauti. Karatasi inauficha machoni na kuutoa mikononi. Kukariri kunauhamishia kwenye kumbukumbu, mahali pabaya kuliko pote. Kadi inauacha mwanzoni tu, na ndiyo maana salamu iliyokaririwa ikipita, mtu wa kadi hutulia kabla ya wengine.

Usijilazimishe kutulia kabla ya kuitwa. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliojiambia wamechangamka walihutubia vizuri kuliko waliojiambia watulie. Moyo unaodunda ni vigumu kuuamuru upunguze, lakini mwilini woga na shauku vinafanana sana, na kugeuza jina la kimoja kuwa kingine kunawezekana. Sambamba na hilo, toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoivuta, mara kadhaa ukiwa bado umekaa. Kutoa pumzi kwa muda mrefu hupunguza mapigo ya moyo. Ukisimama, shika maiki upana wa vidole vinne kutoka mdomoni na usiielekeze kwenye spika, la sivyo itapiga ule mlio unaowafanya watu wazibe masikio. Halafu tafuta uso mmoja unaokupenda uanze nao.

Salamu na lugha

Ukumbi wetu mmoja unaweza kuwa na Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu. "Bwana Yesu asifiwe" na "Tumsifu Yesu Kristo" zina wenyewe, na mgeni anayewasalimu wenyeji kwa salamu yao anasikilizwa kwa moyo. Ukiwa hujui, uliza meza uliyokaa. Palipo na Waislamu usiache "asalaam aleikum". Mkwe aliyetoka Pangani au Kondoa atajua umemwona.

Lugha ya nyumbani ina uzito ambao Kiswahili hakiwezi kuuchukua, hasa kwa bibi aliyeletwa kutoka mgombani na kuketishwa mbele. Sentensi mbili zinatosha, mwanzoni au kwenye baraka, na zikaririwe. Muulize mtu wa upande huohuo: Kichagga cha Rombo na cha Machame vinatofautiana kiasi kwamba neno ulilofundishwa na rafiki wa Rombo laweza lisieleweke Machame. Vivyo hivyo Arusha, mwenye wakwe Wameru asijifunze salamu kwa rafiki Mmaasai. Usihutubie yote kwa lugha hiyo kama nusu ya ukumbi ni wakwe wasioijua. Wataketi wakitabasamu bila kujua kama wamesifiwa au wamesemwa.

Kwa shughuli zilizobaki

Kipaimara na komunyo ya kwanza: ongea kutoka kichwani, kwa ile mifupa mitatu, ukimsemesha mtoto mwenyewe kwa maneno anayoyaelewa. Kumuaga anayestaafu: kadi, yenye kisa kimoja cha kazini, na karatasi kwa miaka na vyeo alivyoshika. Kicheni pati ina taratibu zake na akina mama wanazijua; kadi inatosha. Nasaha za harusini ukumbini: kadi, na fupi kuliko za sendofu, kwa sababu ndafu inasubiri na watu wameshaanza kugeuka kuitazama.

Shukrani za kamati au za ukoo, soma. Hata kama wewe ni msemaji hodari, soma. Orodha iandaliwe na mweka hazina, maana ndiye anayejua nani alitoa nini, na ipangwe kwa makundi: kanisa, jumuiya, majirani, ofisi, vikundi, waliosafiri. Ukianza kutaja michango ya mtu mmoja mmoja utamsahau mmoja. Jina la mtu binafsi litajwe kwa wale tu waliobeba kilichokuwa kizito kuliko fedha: aliyelaza wageni, aliyetoa gari, waliosimamia jiko usiku. Mpe mtu wa jikoni aikague orodha kabla hujasimama, kwa sababu waliokuwa kwenye moshi ndio hawamo kwenye daftari la mweka hazina.